Kisiwa Kisichozungukwa na Maji

Ziwa Tanganyika hupanda hadi Titye mwaka mzima, lakini hupanda likiwa ndani ya magunia. Dagaa waliokaushwa, migebuka waliobanikwa na madumu ya mawese yaliyokamuliwa katika mabonde ya chini, vyote hufika sokoni vikapimwa kwa kopo na kwa chupa, na mnunuzi akarejea kwenye migomba na maharage yake bila kuwaza zaidi. Si ajabu katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo kumkuta mzee aliyekula dagaa wa Kigoma tangu utoto wake ambaye hajapata kutia mguu katika maji waliyovuliwa.

Nawe, ndugu msomaji, unayefanya kazi Dar es Salaam, Tabora au Mwanza, ambaye kila likizo hufunga mizigo na kuwaleta watoto nyumbani kwa babu yao, yamkini hali yako si tofauti sana. Unafika Titye, unapita nyumba hadi nyumba ukisema "Mwakeye", unahudhuria arusi na matanga yaliyolimbikizwa kukusubiri, unakagua msingi wa nyumba uliouanza miaka mitatu iliyopita, na siku zako za likizo zimekwisha. Watoto wanarudi mjini na habari ya ng'ombe wa babu na mvua iliyowanyeshea njiani. Hayo ni mema. Lakini mteremko wa saa chache tu kutoka hapo walipokuwa wakicheza pana mahali ambapo watu husafiri kutoka Japani, Uingereza na Marekani ili wapaone kwa siku mbili, na mtoto wa Titye hukua akiliona jina lake katika kitabu cha shule tu.

Tukisikia neno pwani, fikra zetu hukimbilia Bahari ya Hindi. Twafikiri Saadani, ambako wanyamapori hushuka hadi kwenye mchanga wa bahari. Au Mafia, ambako mwaka 1995 ilianzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari katika nchi yetu. Kwa mtu wa Kasulu huko ni mbali: reli ya kati ina zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Lakini Tanzania ina pwani nyingine, ya maji baridi, na juu ya pwani hiyo zimo hifadhi mbili za taifa, Gombe na Milima ya Mahale, ambazo hazina barabara ya kufika. Sharti uende kwa chombo cha majini kama aendaye kisiwani. Nitasema zaidi juu ya Gombe, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kwa kuwa ina jambo la kutuuliza sisi watu wa milimani.

Kushuka ziwani

Safari yenyewe si ya kutisha. Kutoka Titye barabara hushuka kuelekea Kidahwe, ikapita Mwandiga, mahali ambapo barabara ya Manyovu hujiunga, kisha ikaingia Kigoma mjini. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya kusukuma gari wakati wa masika. Siku hizi ni lami. Waambie watoto watazame nje. Wataona jinsi migomba inavyopungua na michikichi inavyozidi kadiri unavyoshuka, na jinsi joto linavyobadilika, hata atakayekuwa ametoka nyumbani na sweta ataivua kabla ya kufika mjini. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Waha ziko juu zaidi sana, na tofauti hiyo utaihisi masikioni na mwilini kabla hujaiona kwa macho.

Ukiwa na nusu siku, wapeleke watoto Ujiji, mji wa kale ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 na ambako njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilikomea. Kama huna nusu siku, usijilaumu. Nenda moja kwa moja Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ufukwe ambako boti za abiria huondokea na ambako dagaa huanikwa. Hapo ndipo magunia yale yanapoanzia. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa, kwa maana dagaa huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana na vyombo hupumzika ufukweni. Watoto wetu wa mjini, wanaodhani dagaa hutoka dukani, watapata hapo somo la bure.

Boti za abiria za mbao, zenye mashine nyuma, hubeba watu, sabuni, magodoro na mbuzi kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Mwamgongo, na hupita Gombe njiani. Aghalabu huondoka mchana na kurudi siku ya pili alfajiri, kwa hiyo atakayeitumia lazima alale hifadhini. Uliza siku za safari kabla hujateremka kutoka Titye, kwani haziendi kila siku. Boti ya kukodi ni ya haraka zaidi, lakini bei yake ndiyo huwarudisha watu wengi nyumbani. Nasema wazi kwamba kwa familia ya mfanyakazi kikwazo si kiingilio, maana raia hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo mno kuliko mgeni. Kikwazo ni chombo. Familia tatu au nne zikichangiana boti moja, hesabu hubadilika. Vyama vya wafanyakazi na shule za sekondari za Kasulu zingeweza kulipanga jambo hili vizuri kuliko mtu mmoja mmoja. Na katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusi unapovuma, ziwa huchafuka. Avae kila mtu jaketi la kuokolea maisha, hata kama nahodha atacheka.

Maji utakayosafiri juu yake si ya kawaida. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 670, na kina chake, mahali penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Nchi nne hulichangia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Siku iliyotakata utaiona milima ya Kongo ng'ambo.

Lakini ukishaitazama Kongo, geuka uangalie upande wa kulia, upande wa kwetu. Kwa muda mrefu vilima vinavyoinuka kutoka majini ni vya mashamba na majani, vyenye miti michache, mihogo imepandwa hata mahali penye mteremko ambao mbuzi angesita kupanda. Kisha, baada ya kijiji cha Mtanga, bila mto mkubwa wala ukuta, miti inaanza. Inaanza ghafla, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula kutoka kilele hadi majini. Mstari huo ndio mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Mahali padogo penye habari kubwa

Gombe ni ndogo. Kwa muda mrefu vitabu vimeitaja kuwa na kilometa za mraba 52, na Serengeti ingeweza kuimeza zaidi ya mara 250. Ni ukanda mwembamba wa mabonde na vijito unaopanda kutoka ufukweni hadi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mabondeni ni msitu mzito. Juu yake ni miyombo. Kileleni ni majani. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1943, enzi ya Mwingereza, na mwaka 1968 Serikali yetu huru ikaipandisha kuwa hifadhi ya taifa.

Tarehe 14 Julai, 1960, alishuka ufukweni hapo msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Jane Goodall, hana digrii ya chuo kikuu, ametumwa na mtaalamu Louis Leakey wa Nairobi kuwachunguza sokwe. Wakuu wa kikoloni hawakukubali akae porini peke yake, basi akaja na mama yake. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Mwezi Novemba mwaka huo alimwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka ubua wa jani katika kichuguu, akiuvuta na kuwalamba mchwa waliong'ang'ania. Baadaye aliwaona wakichuma vitawi na kuvipukuchua majani ili vifae kwa kazi hiyo. Mpaka wakati huo wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba kiumbe anayetengeneza zana ni binadamu peke yake. Fundisho hilo lilivunjikia mkoani Kigoma.

Mama Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba, 2025, akiwa na umri wa miaka 91, na dunia nzima ilimwandika. Ni haki yake. Lakini katika ukurasa huu wa familia ningependa tuwataje na wengine. Mwezi Mei mwaka 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire ya wakati huo, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Wote waliachiliwa hatimaye, lakini kwa muda mrefu baada ya hapo wageni hawakuruhusiwa kukaa pale. Uchunguzi haukusimama hata hivyo. Uliendelezwa na Watanzania, watu kutoka vijiji vya jirani, akina Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo, ambao kila siku waliamka gizani kumfuata sokwe mmoja kutoka kiota alicholala hadi kiota atakacholala, wakiandika kwa Kiswahili alichokula, aliyekutana naye na aliyegombana naye. Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia mwezi Januari mwaka 1974 madume ya kundi la Kasekela yakimvamia na kumpiga dume wa kundi la Kahama, shambulio la kwanza katika uhasama ulioendelea hadi mwaka 1978 na kulimaliza kundi hilo. Ulimwengu ulistuka kusikia kwamba sokwe hupigana namna hiyo. Sehemu kubwa ya yale yanayosomwa leo katika vyuo vikuu vya Ulaya juu ya sokwe wa Gombe iliandikwa kwanza kwa kalamu ya mwanakijiji, chini ya mti, katika lugha unayoisoma sasa. Mwambie mtoto wako habari hiyo mkiwa palepale, haitamtoka.

Utakachokiona wewe hakina uhakika, na ni vizuri kukubali hivyo mapema. Sokwe hana saa ya kazi. Utatembea na kiongozi wa hifadhi, pengine nusu saa, pengine saa nne, juu ya mteremko unaoteleza, ukishika mizizi. Wakati wa mvua njia ni mbaya lakini sokwe hawaendi mbali; wakati wa kiangazi njia ni njema, nao hutawanyika kutafuta chakula. Ukibahatika utaanza kuwasikia: sauti moja inayopanda, nyingine ikiitika ng'ambo ya bonde, na mtu anayewasikia mara ya kwanza husimama. Kisha utamwona mama ameketi na mwanawe, anamchambua manyoya kwa utulivu wa mama anayemsuka bintiye barazani. Utawaona wakila matunda ya mchikichi, mchikichi uleule unaotupatia mawese ya kupikia maharage Titye.

Masharti ni makali na yana sababu. Hutawakaribia, hutakula mbele yao, na ukiwa na mafua au kikohozi hutakwenda kabisa. Sokwe ni jamaa wa karibu wa binadamu, na maradhi yetu huyapata. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaangukia sokwe wa Gombe, na baada ya hapo homa za kifua zimewaua zaidi ya mara moja. Kwa sababu hizohizo watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata msituni. Uliza umri unaotakiwa kabla hujawaahidi watoto jambo. Wale wasioruhusiwa watabaki ufukweni pamoja na mmoja wenu, na huko hawatachoka: nyani hushuka mchangani makundi kwa makundi, na ni wezi hodari. Mfuko wa mkate ukiachwa wazi hautaupata tena. Yapo pia maporomoko ya Kakombe, mwendo mfupi kutoka Kasekela, ambako maji huanguka ndani ya korongo lenye baridi na mapango ya majani. Kuhusu kuoga ziwani, sikiliza ushauri wa wahifadhi.

Tofauti ya Mahale

Mahale nitaipita kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa ni mbali na ghali. Iko kusini ya Kigoma kwa zaidi ya kilometa 120, ina kilometa za mraba 1,613, na kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Wachunguzi wa Kijapani walianza kazi huko katika miaka ya 1960, na Toshisada Nishida akafungua kituo mwaka 1965. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1985. Kwa miongo mingi watu wa kawaida walifika karibu na Mahale kwa meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya chini ya jina jipya.

Jambo moja la Mahale lafaa kutajwa kwa ajili ya mazungumzo ya jioni. Sokwe wa huko, wanapochambuana manyoya, wawili huinua kila mmoja mkono mmoja juu na kushikana viganja, mfano wa watu wanaosalimiana. Sokwe wa Gombe hawana mtindo huo. Nao sokwe wa Gombe hupenda tunda la mchikichi, hali wale wa Mahale hawaligusi ijapokuwa lipo. Mnyama ni mmoja, ziwa ni moja, lakini kila jamii ina desturi zake, ambazo mtoto hujifunza kwa mama. Mtu wa Kasulu na mtu wa Kibondo, wanaotaniana hata juu ya namna ya kupika mboga, hawatashangaa.

Mstari ule juu ya kilima

Sasa turudi kwenye mpaka wa Gombe tuliouona kutoka majini.

Ukipanda hadi ukingoni mwa hifadhi ukatazama mashariki, upande wa kwetu, utaona mashamba. Katika miaka ya 1960 msitu ulitambaa kutoka Gombe ukavuka vilima na kuendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya hapo akakuta hifadhi imekuwa kipande cha kijani katikati ya vilima vilivyo uchi. Sababu zake hazina fumbo. Watu waliongezeka, mashamba mazuri yakaisha mabondeni, wakapanda juu. Kuni na mkaa vikatakiwa mjini. Na mwaka 1993 Burundi ilipowaka moto, kisha Kongo mwaka 1996, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi waliokimbia kufa wakapokewa mkoani Kigoma, katika wilaya hizihizi za Kasulu na Kibondo, nao pia walipaswa kupika. Hakuna wa kumnyooshea kidole. Kila shoka lilikuwa na mtoto wa kulishwa nyuma yake.

Lakini matokeo yake ni kwamba Gombe imegeuka kisiwa. Upande mmoja ni maji. Pande nyingine tatu ni majembe. Na kisiwa cha namna hiyo kina ubaya ambao hauonekani kwa siku moja ya matembezi. Sokwe wa kike aghalabu, akifikia utu uzima, huliacha kundi alimozaliwa akaolewa, ukipenda kusema hivyo, katika kundi jingine; desturi hiyo huzuia ndugu kuzaana. Gombe yote ina sokwe wapatao mia moja hivi, katika makundi machache. Njia ya kutoka ikifungwa, mabinti hawana pa kwenda, na wa kutoka nje hawana pa kuingilia. Zaidi ya hayo, kundi dogo likipatwa na homa moja mbaya, hakuna jirani wa kulijaza.

Linganisha na kisiwa cha kweli. Katika kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria kipo Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Sokwe hawakuwapo huko kwa asili. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na wenzake wa Frankfurt waliwaleta sokwe wasiozidi kumi na saba, waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na vizimba vya Ulaya, wakawafungulia milango ufukweni. Wanyama waliozoea kulishwa ndizi mkononi walijifunza kutafuta matunda na kufanya viota, wakazaa, na leo wajukuu wao ni wa mwitu kabisa. Kilichowasaidia ni msitu uliotosha na maji yaliyowazunguka. Maji hayalimi. Hayafugi mbuzi. Gombe haikupewa ulinzi huo katika pande zake tatu, na kwa hiyo ulinzi wake ni lazima utoke kwa binadamu anayeishi mpakani, ambaye ana mahitaji yake.

Nawaomba wasomaji wa mjini wasiwe wepesi wa kumlaumu mtu huyo. Mgeni hulipa dola nyingi kumwona nyani. Mkulima wa Mtanga au Mwamgongo hulipa mahindi yake kwa nyani yuleyule, bila kupenda. Anaambiwa asikate mti juu ya mlima, wakati sufuria iko chini ya mlima. Kama hifadhi haitamletea kitu kinachoonekana nyumbani kwake, maneno mazuri hayatamzuia, na mimi singeshangaa.

Wale waliokuwa Gombe walilielewa hili, ingawa walichelewa. Mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianzisha mradi ulioitwa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na mradi ule haukuanza na sokwe. Ulianza kwa kuwauliza wanavijiji wanataka nini. Wakataka maji, zahanati, shule, mbegu, mikopo midogo kwa akina mama. Vitalu vya miti vikafuata, na kahawa ya Kalinzi ikatafutiwa wanunuzi wa bei bora. Baadaye vijiji vyenyewe vikakaa chini na ramani, vikagawa ardhi yao: hapa tutalima, hapa tutajenga, na hapa, juu kwenye ukingo, hatutagusa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa misitu ya hifadhi ya vijiji kandokando ya Gombe. Miti ya miyombo ina fadhila moja ambayo kila mkata kuni wa Titye anaijua: kisiki kisipong'olewa wala kuchomwa, huchipua. Mahali pengine hapakuhitaji hata kupandwa, palihitaji kuachwa.

Wala jambo hili haliishii Gombe. Sokwe wa Tanzania hawazidi elfu chache, na walio wengi kati yao hawaishi ndani ya Gombe wala Mahale, bali katika miyombo ya Masito na Ugalla, kusini ya mto Malagarasi, nje ya hifadhi za taifa. Gunia la mkaa unalolikuta limesimama kando ya barabara ukiwa ndani ya basi, likikungoja wewe wa mjini ulinunue kwa bei nafuu, hutoka katika msitu wa aina hiyohiyo. Nimepata kulibeba garini mwangu kama wengine, na sitajifanya kwamba gesi imefika kila jiko la Kasulu.

Ukiwa Kasekela, basi, baada ya kuwaona sokwe au kuwakosa, mwombe kiongozi wako akueleze habari za walinzi wa misitu ya vijiji. Ni vijana wa vijiji hivyohivyo, waliochaguliwa na wenzao, ambao hutembea katika misitu iliyoanza kurudi, na simu mkononi, wakiandika kila walichokiona: mti uliokatwa, mtego wa waya, moto, tanuri la mkaa. Na mara nyingine, juu ya mti mchanga nje ya ule mstari tuliouona kutoka majini, huandika kiota.